UZI: Zana ipi inafaa kuhesabu wasomaji wa blogu binafsi, na namba zake zisomwe vipi

#1 Mleta mada

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili kwa kirefu swali ambalo kila mwenye blogu hukutana nalo mapema: atumie zana gani kujua kama anachoandika kinasomwa. Jibu la haraka wanalopewa wengi ni "weka Google Analytics, ni bure". Wapo linaowafaa. Ila kwa blogu ya mtu mmoja naona ni jibu lililoruka hatua, na msimamo wangu nautoa mapema ili anayepinga ajue anapinga nini. Kwanza andika swali ambalo jibu lake litakufanya ubadilishe kitu kwenye blogu yako. Halafu chukua zana ndogo kuliko zote inayoweza kulijibu. Kinachozidi hapo kinaongeza uzito kwenye kurasa na kupeleka taarifa za wasomaji wako kwa mtu mwingine bila sababu ya maana.

Maswali yenyewe si mengi. Makala ipi inasomwa na ipi imelala? Watu wanaingilia wapi, Google, Facebook, au kiungo alichokiweka mwandishi mwenzako? Makala za mwaka juzi bado zinapata wasomaji? Anayefungua anafika mwisho? Waliokuja mwezi uliopita wamerudi? Ukiyatazama vizuri, ni hilo la mwisho peke yake linalodai zana imkumbuke mtu kutoka siku moja hadi nyingine. Manne ya mwanzo yanajibika bila kumfuatilia mtu hata mmoja.

Zana ziko za namna mbili, na tofauti yao ndiyo inayoeleza karibu mikanganyiko yote inayokuja baadaye.

Za kwanza zinasoma logi za seva. Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva huandika mstari mmoja kwenye faili. Hivi ndivyo watu walivyohesabu tangu miaka ya tisini: Analog ilitoka 1995, Webalizer 1997, AWStats 2000, na siku hizi wengi wanatumia GoAccess. Mstari wenyewe uko hivi:

203.0.113.45 - - [12/May/2024:19:04:31 +0000] "GET /makala/kufuga-nyuki/ HTTP/1.1" 200 21874 "https://www.google.com/" "Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/124.0.0.0 Mobile Safari/537.36"

Mwanzo kabisa ni anwani ya IP (namba ya mtandao anaoutumia msomaji), inafuata tarehe na saa, kisha ukurasa ulioombwa. Hiyo 200 maana yake seva imeutoa ukurasa bila tatizo, na 21874 ni ukubwa wake kwa baiti. Anwani ya Google ni mahali msomaji alipobofya kabla ya kufika kwako. Mwisho ni utambulisho wa kivinjari, na hicho kipande cha "Android 10; K" mkikumbuke, tutakirudia. Angalia kwamba msomaji huyu hakupakuliwa kitu chochote cha ziada. Hakuna skripti, hakuna kidakuzi (alama ndogo ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari ili imkumbuke mtu), hakuna cha kuzuiwa na kizuia matangazo. Majibu ya maswali matatu ya mwanzo yamo humo tayari.

Udhaifu wa logi ni roboti, yaani programu zinazofungua kurasa zenyewe bila mtu. Googlebot, bingbot, AhrefsBot, GPTBot, zote zinaacha mistari kama watu, na hizo angalau zinajitaja. Nyingine zinajiita Chrome. Blogu changa inaweza kuwa na roboti wengi kuliko watu, na mwenye nayo akafurahia umati ambao haupo. Pia kama kurasa zako zinatolewa na kashe ya CDN, yaani seva za kati zinazotunza nakala za kurasa zako, maombi mengi hayafiki kwenye seva yako kabisa, kwa hiyo logi inapungukiwa. Na kama uko kwenye huduma isiyokupa seva, Blogger kwa mfano, njia hii imefungwa.

Za pili ni za skripti. Unabandika mstari wa JavaScript kwenye kurasa, nao unapiga ripoti kwenye seva ya takwimu kila ukurasa unapofunguka. Humo ndimo alimo Google Analytics, ambaye asili yake ni kampuni ya Urchin iliyonunuliwa na Google mwaka 2005, na huduma ikafunguliwa kwa umma Novemba mwaka huohuo. Humo pia yumo Matomo (aliyeitwa Piwik hadi 2018), Plausible, Umami, GoatCounter, Fathom, Simple Analytics na Cloudflare Web Analytics. Roboti nyingi za kawaida haziendeshi JavaScript, kwa hiyo namba zinakuwa safi zaidi. Ila sasa unapoteza kila msomaji aliyezuia skripti.

Kwa anayeanza na hana seva yake, ushauri wangu ni GoatCounter au Cloudflare Web Analytics. Zote mbili hazihitaji vidakuzi, na blogu ndogo inazitumia bila malipo. GoatCounter ndiyo niipendayo kwa sababu ukurasa wake mmoja unakuonyesha kila makala na idadi ya waliofungua, na unamaliza kuusoma kabla chai haijapoa. Mwenye uwezo wa kulipia kidogo ili asishughulike na chochote, Plausible au Fathom. Mwenye seva ya PHP na MySQL na hamu ya kuchimba, Matomo.

Na yeyote kati yao aongeze Google Search Console, hata kama hataki kusikia habari za Google Analytics. Maneno ambayo watu wameandika kwenye utafutaji hayafiki tena kwenye blogu yako. Google walianza kuyaficha Oktoba 2011 kwa waliokuwa wameingia kwenye akaunti zao, na kufikia 2013 yakawa yamefichwa kwa karibu kila mtu. Search Console ndiyo inayoyaonyesha, haihitaji skripti yoyote kwenye kurasa zako, na inatunza miezi 16.

Karibuni tuendelee.

#2 Mchangiaji

Mkuu shukrani kwa uzi. Mimi niliweka zana mbili kwa pamoja nione ipi bora, na sasa nimechanganyikiwa zaidi. Siku hiyohiyo, blogu hiyohiyo, moja inanipa karibu mara mbili ya nyingine. Ipi inanidanganya?

#3 Mleta mada

Mkuu, hakuna inayokudanganya. Zinahesabu vitu tofauti halafu zinaviita jina moja, "mgeni" au "tembeleo".

Chukua Cloudflare. Kwao tembeleo ni ukurasa uliofunguliwa na mtu aliyetoka nje ya tovuti yako, basi. Akibofya makala ya pili humohumo ndani, hilo ni ukurasa mwingine lakini si tembeleo jipya. Akitoka akarudi kupitia kiungo cha Facebook dakika kumi baadaye, ni tembeleo la pili. Google Analytics wao wanahesabu kwa kikao, ambacho kwa mpangilio wa kawaida kinakatika msomaji akikaa kimya dakika 30. Aliyefungua makala yako, akaenda kupika, akarudi kwenye kurasa zako baada ya saa moja ni vikao viwili. Kabla hujauliza nani mkubwa, soma kwanza ukurasa ambao zana yako inaeleza inahesabuje.

Kisha kuna namna ya kumtambua mtu. Zana yenye kidakuzi inakuwekea namba kwenye kivinjari na kuisoma ukirudi. Zisizo na kidakuzi hufanya hesabu nyingine. Plausible, kwa mfano, huchukua anwani ya IP, utambulisho wa kivinjari na jina la tovuti, huongeza mchanganyiko wa herufi za siri unaobadilishwa kila siku, kisha huzisaga zote kuwa msimbo usioweza kurudishwa nyuma. Siri ya jana inafutwa. Kwa hiyo ukisoma blogu asubuhi na jioni ya leo wewe ni mgeni mmoja, ukirudi kesho ni mgeni mpya. Hilo wamelikusudia, na mimi naliheshimu. Maana yake ni kwamba "wageni wa mwezi" kwenye zana ya namna hii ni jumla ya wageni wa kila siku, na msomaji wako mwaminifu anayekuja kila siku amehesabiwa kila siku.

Sasa turudi kwenye ile "Android 10; K". Zamani kipande hicho kilitaja toleo halisi la Android na modeli ya simu. Kuanzia Chrome 110, mwaka 2023, simu za Android zenye Chrome zikaanza kutuma maneno hayohayo, simu iwe mpya au ya zamani, ya kampuni yoyote. Ongeza hapo kwamba mitandao mingi ya simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP. Wasomaji wako wawili walio kwenye mtandao mmoja wa simu, wote na Chrome ya toleo moja, wanaweza kuja na IP ileile na utambulisho uleule. Zana isiyo na kidakuzi itawaona mtu mmoja. Blogu ambayo wasomaji wake wengi wako kwenye simu inaumia hapa kuliko blogu ya watu wa kompyuta za ofisini, na sijaona ikisemwa vya kutosha.

Lakini msikimbilie vidakuzi mkidhani huko ni salama. Tangu 2019 Safari hukipa kidakuzi kilichowekwa na JavaScript maisha ya siku saba tu. Mwenye iPhone anayesoma blogu yako kila baada ya wiki mbili ni "mgeni mpya" kila anapokuja. Firefox nayo kuanzia 2019 huzuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana bila kuulizwa, na mwenye kizuia matangazo cha uBlock Origin haonekani kabisa kwenye Google Analytics. Kama unaandikia watengeneza programu, kundi hilo si dogo.

Kwa hiyo chagua moja, acha nyingine. Linganisha wiki hii na wiki iliyopita ndani ya zana hiyohiyo, na makala hii na makala ile ndani ya zana hiyohiyo. Makosa yapo, ila yanabaki karibu yaleyale wiki hadi wiki, na ndiyo maana mwelekeo unaaminika hata pale idadi yenyewe isipoaminika.

#4 Mchangiaji

Kwa heshima mkuu, napingana na wewe kuhusu Google Analytics. Ni bure kweli, haina kikomo cha kumtisha mwenye blogu, inaungana na Search Console na AdSense, na ukiijua unaweza kuajiriwa nayo. Hizo ndogo ukitaka kujua walioanzia makala A wakaenda B wakajiunga na jarida la barua pepe, nyingi hazikupi, au zinakupa kwa kulipia. Kwa nini mtu ajifunze kitu kidogo halafu baadaye ahamie kikubwa?

#5 Mleta mada

Mkuu, hoja ya kazi naikubali bila ubishi. Anayetaka taaluma ya masoko ya mtandaoni aiweke kwenye blogu yake ajifunzie humo, hakuna darasa zuri kuliko data yako mwenyewe. Na mwenye matangazo ya AdSense tayari ana skripti za Google kwenye kurasa, kwa hiyo hoja ya uzito na faragha kwake imepungua nguvu. Hao wawili nawatoa kwenye ushauri wangu.

Kwa wengine wote, nina mambo matatu.

La kwanza ni historia ya blogu yako. Toleo la zamani, Universal Analytics, liliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na mwaka mmoja baadaye, kuanzia 1 Julai 2024, hata data ya nyuma ikaanza kuondolewa. Aliyekuwa hajapakua namba zake akakosa miaka yote ya nyuma. GA4 iliyochukua nafasi ilianza Oktoba 2020 na haikurithi data ya zamani, maana inahesabu kwa matukio badala ya vikao. Na ndani ya GA4 yenyewe, ukienda kwenye mipangilio ya utunzaji wa data utakuta miezi 2, na mwisho wa kuongeza kwenye akaunti ya bure ni miezi 14. Ripoti za kawaida za jumla zinabaki, ila ukitaka kuchimba ndani ya miaka, hakuna. Blogu ni kitu cha miaka. Makala inayoandikwa leo inaweza kupata wasomaji wake mwaka wa nne, na mimi nataka kuuona mwaka wa kwanza na wa nne kando kwa kando.

La pili, GA4 ikiona watu ni wachache mno kwenye ripoti inaweza kuficha baadhi ya safu ili mtu asitambulike. Nia ni njema. Lakini mwenye blogu ndogo ndiye mwenye watu wachache kwenye kila safu, kwa hiyo yeye ndiye anayefichwa zaidi.

La tatu ni sheria na ridhaa. Kanuni ya GDPR, ya ulinzi wa data binafsi, ilianza kutumika Ulaya 25 Mei 2018. Januari 2022 mamlaka ya ulinzi wa data ya Austria ilitangaza kwamba tovuti iliyolalamikiwa imekiuka kanuni hiyo kwa kupeleka data Marekani kupitia Google Analytics, Ufaransa wakafuata Februari, Italia Juni. Mwaka 2023 Ulaya na Marekani zikafikia mpango mpya wa uhamishaji wa data, kwa hiyo hoja ile imelegea. Kilichobaki ni kidakuzi: kwa wasomaji wa Ulaya kidakuzi cha takwimu kwa kawaida kinadai ridhaa. Unaweka bango, sehemu ya watu wanabofya "kataa", na hao hawahesabiwi inavyopasa. Yaani umeweka zana kubwa ili uone zaidi, na bango lake limekupunguzia unachokiona. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu msomaji wa makala ya dakika tano hastahili kukutana na bango kabla hajasoma sentensi ya kwanza.

Kuhusu kuhama baadaye kwenda kwenye kikubwa, wengi hawahami, kwa sababu swali lao halikui. Anayehitaji kujua waliojiunga na jarida anaweza kupima tukio moja tu la kubofya kitufe, na karibu zana zote ndogo nilizozitaja zinapokea matukio.

#6 Mchangiaji

Wakuu mimi tatizo langu ni "Direct". Zaidi ya nusu ya wasomaji wangu zana inasema wamekuja moja kwa moja. Siamini kama watu wote hao wamekariri anwani ya blogu yangu. Nafahamu naisambaza sana kwenye magrupu ya WhatsApp.

#7 Mleta mada

Umejijibu mwenyewe mkuu. "Direct" maana yake ni kwamba kivinjari hakikusema kimetoka wapi, na sababu ziko nyingi. Mtu akibofya kiungo ndani ya WhatsApp, kivinjari kinafunguka bila taarifa ya mahali alipotoka. Programu nyingi za barua pepe ni hivyohivyo, na faili za PDF pia. Kama blogu yako bado iko kwenye http badala ya https, hata tovuti za https zinazokuunganisha hazitatajwa. Halafu tangu Chrome 85 ya mwaka 2020, tovuti ikikuelekeza msomaji, kwa kawaida unaona jina la tovuti tu, si ukurasa kamili wenye kiungo. Ndiyo maana unaona umetajwa mahali lakini hujui ni kwenye makala ipi.

Dawa yake ni kuweka alama kwenye kiungo unachokisambaza mwenyewe:

https://blogu.example/makala/kufuga-nyuki/?utm_source=whatsapp&utm_medium=grupu&utm_campaign=nyuki

Herufi hizo utm zimetokana na Urchin ileile niliyoitaja juu, ila leo Matomo, Plausible, Umami na wengine wengi wanazisoma. Kwa blogu binafsi utm_source peke yake mara nyingi inatosha. Kuna nidhamu mbili za kushika. Tumia herufi ndogo daima, kwa sababu "WhatsApp" na "whatsapp" zinaweza kuandikwa kama vyanzo viwili tofauti. Na usiziweke kamwe kwenye viungo vya ndani, kutoka makala yako kwenda makala yako nyingine, kwa kuwa utafuta chanzo halisi cha msomaji na kukiandika upya.

Moja dogo kwa wanaosambaza Facebook: wao wanaongeza fbclid mwishoni mwa kiungo, herufi ndefu inayobadilika kila mbofyo. Zana nzuri huiondoa. Kama yako haiiondoi, makala moja itatokea mara mia kwenye orodha, kila moja ikiwa na msomaji mmoja, na utadhani haisomwi.

#8 Mchangiaji

Naomba kuongezea kwa wanaofikiria kuendesha zana kwenye seva zao wenyewe, maana huko ndiko niliko. Matomo inakaa hata kwenye hosti ya kawaida ya PHP, kwa hiyo inavutia. Ila mkijua kwamba kila tembeleo ni safu kwenye hifadhidata, mtaelewa kwa nini baada ya muda inavimba. Wekeni mapema utaratibu wa kufuta data ghafi za zamani na kubakiza ripoti za jumla. Mpangilio huo umo ndani yake. Wekeni pia kuficha tarakimu za mwisho za IP. Na ni programu iliyo wazi mtandaoni, kwa hiyo sasisho la usalama likitoka mlisakinishe siku hiyohiyo.

Plausible ya kujiendeshea inataka hifadhidata mbili, PostgreSQL na ClickHouse, kwa hiyo seva ndogo sana itahema. Umami ni nyepesi zaidi, Node.js na hifadhidata moja. GoatCounter ni faili moja la programu na inaweza kutumia hifadhidata ndogo ya SQLite, ndiyo rahisi kuliko zote kuihamisha. Jambo ambalo wengi hawalijui, GoatCounter inaweza pia kusoma logi za seva, kwa hiyo zile namna mbili alizozieleza mleta mada unaweza kuzipata kwenye zana moja.

#9 Mleta mada

Mchango mzito huu, asante mkuu. Hapo kwenye sasisho nasisitiza pia. Asiyekuwa na muda wa kusasisha seva, atumie huduma iliyo tayari, na asione kwamba amepungukiwa.

#10 Mchangiaji

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgeni wa mambo haya. Kuna kipimo wanaita bounce rate, yaani sehemu ya wanaoondoka baada ya ukurasa mmoja tu. Kwangu kilikuwa juu sana, nikabadilisha muonekano wa blogu, ghafla kikashuka hadi karibu na sifuri na kurasa zilizofunguliwa zikaongezeka mno. Nimefanikiwa au kuna kitu?

#11 Mleta mada

Karibu sana, swali lako ni la maana. Kushuka ghafla namna hiyo karibu kila mara ni skripti iliyobandikwa mara mbili. Muonekano mpya una sehemu ya kuweka msimbo wa takwimu, na wewe tayari ulikuwa na plagini inayouweka. Kila msomaji anapiga ripoti mbili, zana inaona "kurasa mbili", kwa hiyo hakuna anayeonekana ameondoka baada ya ukurasa mmoja. Fungua makala yako kwenye kompyuta, tazama chanzo cha ukurasa, tafuta jina la skripti. Ukiliona mahali pawili, ondoa moja. Kisha weka alama kwenye kalenda kwamba namba za kipindi hicho si za kulinganisha na nyingine.

Kuhusu kipimo chenyewe, kwa blogu usikipe uzito. Mtu katafuta swali Google, kaingia kwenye makala yako, kasoma dakika nane akapata jibu, kafunga. Kwa vipimo vya zamani huyo ameondoka bila kufanya kitu, na muda wake umeandikwa sifuri, kwa sababu zana iliyopokea ripoti moja tu wakati ukurasa unafunguka haina namna ya kujua ukurasa umefungwa lini. Msomaji bora kuliko wote kahesabiwa kama hasara. GA4 wamerekebisha kidogo: kikao kikizidi sekunde 10, au kikiwa na kurasa mbili, au na tukio uliloliweka kuwa muhimu, kinahesabiwa kuwa chenye ushiriki, na bounce ni vile vilivyobaki. Sekunde kumi bado si kusoma makala.

Ukitaka kujua kama watu wanafika mwisho, pima hilo moja kwa moja. Weka tukio linalopigwa pale aya ya mwisho inapotokea kwenye skrini, halafu gawanya kwa idadi ya waliofungua. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kuamua nifanye nini. Makala inayofunguliwa na wengi na kufikiwa mwisho na wachache, naenda kuusoma upya utangulizi wake, na mara nyingi nakuta kichwa cha habari kimeahidi kitu ambacho makala inakitoa aya ya saba. Makala yenye wasomaji wachache wanaomaliza karibu wote, hiyo haina tatizo la uandishi. Inahitaji viungo kutoka makala nyingine ili ionekane.

#12 Mchangiaji (aliyeuliza #2)

Basi mkuu nimeamua. Naondoa zana zote mbili, naweka GoatCounter, Search Console naiacha, na viungo vya WhatsApp naviwekea utm_source. Swali langu ni moja tu nililoliandika: makala zipi za zamani zinaleta watu kutoka Google, ili nizifanyie marekebisho kwanza. Kuna nililosahau?

#13 Mleta mada

Mawili, mkuu. Kabla hujaondoa chochote, pakua data ya zana zote mbili kama CSV na uihifadhi. Na jitoe wewe mwenyewe kwenye hesabu, maana mwenye blogu changa ndiye msomaji wake mkubwa, anafungua makala mara kwa mara kusahihisha koma. Kwa GoatCounter fungua blogu yako ukiwa umeongeza #toggle-goatcounter mwishoni mwa anwani, mara moja kwenye kila kivinjari unachotumia, simu na kompyuta. Ukirudia utakuwa umejirudisha kwenye hesabu, kwa hiyo soma ujumbe unaotokea kabla ya kufunga.

Kwa swali lako lenyewe, anzia Search Console. Weka kipindi cha miezi 16, panga kurasa kwa mara zilivyoonekana kwenye matokeo, kisha tafuta zile zinazoonekana sana na kubofywa kidogo. Hizo Google tayari inazionyesha, ila kichwa cha habari hakimvuti mtu, au ziko chini mno kwenye orodha ya matokeo. Bofya ukurasa mmoja uone maneno ambayo watu waliyaandika. Mara nyingi utakuta wanauliza kitu ambacho makala yako inakigusa kwa sentensi mbili tu. Andika sehemu hiyo vizuri, badilisha kichwa kiendane nayo, kisha subiri wiki kadhaa ndipo uifungue tena GoatCounter kutazama makala hiyo.

Ukipata matokeo, yalete humu na jina la makala, tuyasome pamoja.